Mrejesho: nyaya za nyumba yetu ya Malindi

Assalaam alaykum. Niliomba ushauri iwapo nyumba yetu ya urithi iliyopo Malindi, Mji Mkongwe, ambayo taa zake hufifia kila friji inapowaka, inahitaji kubadilishwa nyaya zote au kurekebishwa sehemu tu. Nawashukuru waliosisitiza kwamba nisiamue kwa umri wa nyumba bali kwa vipimo.

Fundi alizima meni swichi, akachomoa vyombo vyote, kisha akapima kwa mega ya volti 500, yaani kifaa kinachopima kama ganda la waya bado linazuia umeme kuvuja. Nyaya za plastiki za ghorofa ya chini, zilizowekwa baadaye, zilivuka kwa wepesi megaomu 1 inayotakiwa. Za juu hazikuikaribia. Tulipofungua swichi ya ukumbini, ganda la mpira la waya lilipukutika vidoleni na shaba ikabaki wazi, ndani ya ukuta wa mawe na chokaa ambao, kama wajuavyo wenyeji, masika yote haukauki. Tena huko juu waya wa ardhi, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja, haukuwepo kabisa, na kwangu mimi hilo ndilo lililomaliza mjadala.

Kufifia kwa taa, kumbe, kulitokana na skrubu iliyolegea kwenye boksi la fyuzi, ambayo nayo ilikwisha anza kuunguza waya wake.

Tumeamua ghorofa ya juu iwekewe nyaya mpya zote, pamoja na swichi ya kukata umeme unaovuja ya miliampea 30. Zitapita juu ya ukuta ndani ya mabomba ya plastiki, kwani kuchimba chokaa ya zamani ni kuibomoa. Kazi itaanza michango ya ndugu ikikamilika. Kwa sasa vyumba vya juu tumevizimia umeme.