Kuku wa sherehe amebaki mwingi: kipi nitunze, kipi nimwage, na nipike nini? (Tabora)

Binti_Isevya
Habari za usiku wakuu. Hapa Tabora mjini kulikuwa na kipaimara na kuku wamebaki mafungu matatu. Kuna sinia ya kuku wa kukaanga iliyokuwa mezani tangu saa 8 mchana. Kuna hotpoti ya mchuzi iliyojazwa saa hiyohiyo, imeshafunguliwa mara nyingi. Halafu kuna sufuria ya kienyeji wa kuchemsha ambayo haijatoka kwenye mkaa, mpaka sasa saa 2 usiku inatokota. Friji ni ndogo, ya mlango mmoja, na umeme hauaminiki. Nyumbani tuko sita, mmoja mtoto wa miaka miwili. Leo Jumamosi, nataka tule mpaka Jumanne bila mtu kuumwa tumbo na bila kula kitu kilekile kila siku.

Jiko_la_Mwanga
Pole na shughuli dada. Salamu kutoka Kigoma. Hapo anza na saa, pua iache kwanza. Kuku aliyeiva akishashuka chini ya nyuzi joto 60 anahesabiwa saa mbili, na mahali penye joto la kupita 32, kama mchana wa huko kwenu kabla ya mvua, ni saa moja. Sinia imekaa saa sita, na mikono ya wageni imepita humo. Mwaga, hata kama inanukia vizuri. Vijidudu vinavyochachusha chakula si lazima ndivyo vinavyoharisha watu.

Hotpoti ndiyo inayodanganya wengi. Haipiki, inachelewesha tu kupoa. Ikifunguliwafunguliwa inashuka mpaka uvuguvugu na kubaki hapo kwa saa nyingi, joto ambalo vijidudu vinalipenda kuliko yote. Dondosha mchuzi kidogo mgongoni mwa mkono: kama haukuunguzi, ulishashuka zamani na hujui tangu lini. Nao mwaga.

Sufuria ya kienyeji ndiyo mali yako. Usiiingize kwenye friji ikiwa moto na imejaa, maana katikati itabaki na joto usiku kucha na itapasha vingine vyote humo. Fanya hivi sasa hivi:

Toa vipande, vitandaze kwenye sinia safi vipungue moto. Nawa mikono kwa sabuni, kisha nyofoa nyama yote. Weka kwenye vyombo vifupi, kina kisizidi vidole vitatu. Mchuzi uchuje, sufuria yake ikae ndani ya beseni la maji baridi, koroga, na badilisha maji kila yakipata uvuguvugu. Mara tatu zinatosha. Vyote viwe vimeingia friji kabla ya saa 4 usiku. Mifupa nayo iingie friji kwenye chombo chake, ina kazi kesho.

Nyanya_Chungu
Mnamtisha bure. Wasio na friji wanachemsha mchuzi asubuhi na jioni na unakaa hata siku nne.

Sabuni_na_Maji
Mkuu, kuchemsha kunaua vijidudu vilivyo hai, hilo kweli. Ila kuna matundu mawili. Staphylococcus aureus, anayeishi puani na kwenye ngozi zetu, anaacha sumu ambayo kuchemsha hakuivunji. Ukichemsha unakuwa umeua mwizi na mali imeshaondoka. Na Clostridium perfringens ana mbegu zinazovumilia kuchemka, zinaamka mchuzi unapopoa polepole. Sufuria kubwa ya nyama yenye mfuniko ndiyo makazi yake hasa.

Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Bado ni zaidi ya 74 zinazotakiwa kupasha kiporo, kwa hiyo moto si tatizo. Tatizo ni zile saa 12 kati ya asubuhi na jioni. Asiye na friji apike cha kuisha siku hiyo. Kuku hai hahitaji friji.

Jiko_la_Mwanga
Nyongeza ya hapo: pasha mara moja tu, na toa kwenye friji kile mtakachomaliza. Kipashwe mpaka mchuzi uchemke kwa mapovu sufuria nzima, si pembeni tu, huku ukikoroga. Hasa cha mtoto.

Karanga_za_Urambo
Mapishi sasa. Jumapili tumia mchuzi wa karanga, hapo kwenu karanga hazina shida. Kwa watu sita: nyama iliyonyofolewa vikombe 3, karanga zilizosagwa kikombe 1, kitunguu kikubwa 1, nyanya 3, mchuzi wa kuku vikombe viwili na nusu.

Kaanga kitunguu, weka nyanya mpaka zisagike. Karanga zivuruge kwanza kwenye bakuli kwa mchuzi wa baridi zilainike kama uji mwepesi, ndipo umimine. Ukimwaga unga wa karanga mkavu kwenye mchuzi unaochemka utapata madonge ambayo mwiko hauyavunji. Moto mdogo, dakika 15 mpaka 20, na usiondoke: karanga zinashika chini ghafla, na zikiungua sufuria nzima inakuwa chungu. Nyama inaingia mwisho, dakika 5 mpaka 7 za kuchemka kweli. Imeshaiva hiyo, ukiiweka mwanzo inakuwa nyuzi. Kienyeji anavumilia kidogo. Wa kisasa kidari kinakuwa kama pamba.

Mifupa ya jikoni (si ile iliyotafunwa mezani) chemsha kesho hiyohiyo na tangawizi na kitunguu saumu kwa saa moja, upate supu ya chapati.

Jiko_la_Mwanga
Jumatatu mpike kuku kwa mawese. Vijiko 3 vya chakula, kitunguu, ngogwe 6 zilizokatwa nne nne, bamia kiganja kimoja, nyama vikombe 2, maji kikombe 1. Mawese yayeyuke tu yapate moto. Yakitoa moshi yanapoteza wekundu wake na ile ladha iliyokufanya uyanunue. Ngogwe zikilainika tia bamia, kisha kuku, funika, iache ichemke. Ugali wa muhogo ukipatikana, usimwite jirani.

Sabuni_na_Maji
Akifanya katlesi, tahadhari moja. Katlesi inabadilika rangi nje kwa dakika tatu wakati kati bado ni baridi ya friji. Kwa hiyo pasha nyama na kitunguu kwanza mpaka itoe mvuke, ndipo uchanganye na viazi vilivyopondwa na kukauka maji, na ukaange hapohapo.

Binti_Isevya
Asanteni sana. Sinia na hotpoti nimemwaga, roho imeuma. Umeme ukikatika usiku je?

Sabuni_na_Maji
Usifungue. Friji iliyofungwa inashika ubaridi kama saa nne. Ikipita hapo na nyama imekaa juu ya nyuzi 5 kwa zaidi ya saa mbili, haifai tena. Sehemu ya barafu ikiwa imejaa inashika zaidi, kwa hiyo fungu la Jumanne lipeleke huko leo, kwenye mfuko bapa uliotolewa hewa. Kuyeyusha ni ndani ya friji tangu Jumatatu jioni, si juu ya meza. Isiyogandishwa iishe ndani ya siku 3 au 4.

Nyanya_Chungu
Na vya sinia, mbwa asipewe?

Sabuni_na_Maji
Usimpe. Mifupa iliyopikwa inapasuka vipande vyenye ncha, inamchoma utumbo. Fukia shimoni, udongo juu, paka wasifukue.