Historia ya klabu yetu ya vijana imeandikwa na waliogoma kuzeeka

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nina kijitabu mkononi, karatasi zinang'aa hadi zinaumiza macho, kimetolewa na kamati kuu ya klabu niliyoitumikia tangu namaliza shule hadi siku nilipofikisha ukomo wa umri. Jalada limeandikwa "Historia Yetu". Nimekisoma mara mbili nikidhani labda nimeruka kurasa. Sijaruka kitu. Nusu nzima ni picha za mwenyekiti: anakata utepe, anakabidhi cheti, kavaa miwani ya jua anaangalia mbali kama anayesubiri basi.

Kwa msiozijua klabu za namna hii: hazina mwajiriwa, hazina tajiri. Vijana wanachanga ada, wanachagua katibu na mhazini miongoni mwao, wanapanga wenyewe wiki hii mdahalo, wiki ijayo dansi, mwezi ujao safari. Ukiwa na wazo unanyoosha mkono, na kabla hujaushusha umeshakabidhiwa kazi hiyo uifanye wewe. Ndiyo raha yake, ndiyo adha yake.

Sasa kijitabu kinasema klabu "ilianzishwa na wafadhili wenye maono". Uongo wa mchana kweupe! Mfadhili alikuja klabu ikiwa ina miaka sita, akatupa viti. Tulimshukuru, na nusu ya viti tulivigongelea misumari wenyewe kabla havijatuangusha. Miaka sita hiyo klabu ilikuwa inaishi kwa nini, kwa maono?

Iliishi kwa daftari la dada mmoja, mhazini wetu wa kwanza. Kauntabuku lenye jalada jeusi, kona zimeliwa, duara la kikombe cha chai kwenye ukurasa wa pili. Kila mwezi majina yote, mstari kwa rula, na mbele ya jina kiasi kilicholipwa. Wasiokuwa na kazi mwanzoni aliwaandikia "bado" kwa penseli. Kisha kijana mmoja akaacha kuja kwa aibu ya ile "bado". Mwezi uliofuata dada akazifuta zote kwa raba, na mahali pake akaandika kwa kalamu ya wino: "kalipa kwa jasho". Aliyefagia ukumbi, aliyeosha vikombe, aliyebeba spika begani, wote wamelipa. Hakuomba kibali kwa mtu. Mkutano mkuu uliofuata ukaipitisha ikawa kanuni, na yule kijana akarudi, baadaye akawa katibu. Ukurasa bado unaonyesha penseli iliyofutwa, ukiuinamisha kwenye mwanga unaisoma.

Dada huyo kwenye kijitabu hayumo. Hata kwenye orodha ya "na wengineo" hayumo.

Halafu kuna watu watakuja hapa kusema, "Klabu ya porojo na dansi, historia gani mnagombania?" Wakasome. Huko St. Louis, Marekani, mwaka 1910 kijana Henry Giessenbier alianzisha na wenzake klabu ya dansi, Herculaneum Dance Club. Dansi tu. Mwaka 1915 vijana 32 wa mji huo huo, yeye akiwa mbele yao, wakaunda chama cha kushughulikia mambo ya mji wao, na kutokana na hicho tukapata hii JCI (Junior Chamber International), jumuiya ya vijana inayojulikana dunia nzima leo. Na JCI wenyewe hawaoni haya kusimulia kwamba walianzia ukumbi wa dansi. Sisi ndio tunaona haya, tunajibandika mfadhili.

Nifike kwenye kidonda chenyewe. Umri.

Klabu ya vijana bila ukomo wa umri inageuka baraza la wazee lenye muziki wa kelele. Louis Marchesi alipoanzisha klabu ya vijana ya Round Table pale Norwich, Uingereza, mwaka 1927, ukomo uliwekwa tangu mwanzo: ukifika 40 unawapisha wenzako. Hakuna ubaya, ndiyo dawa ya mtu kung'ang'ania kiti. Najua kuna waliobadilisha. Rotaract, klabu za vijana za shirika la Rotary zilizoanza 1968, kwa miongo zilikuwa za miaka 18 hadi 30, na tangu Julai 2020 ukomo wa juu umeondolewa. Lakini hilo lilijadiliwa na kupitishwa wazi, likatangazwa kabla ya tarehe yake, na klabu inayotaka kujiwekea ukomo wake inaruhusiwa. Sina ugomvi na mabadiliko ya namna hiyo.

Kwetu je? Kijitabu kinasema kwa sentensi moja kwamba "wanachama waliridhia kuondoa kikomo cha umri". Waliridhia lini? Nimeutafuta mhtasari wa mkutano huo. Ajenda zilikuwa tano, na umri haukuwa mojawapo. Umeingia kwenye "Mengineyo", mwisho kabisa, saa ambayo nusu ya watu wameshakwenda kukunja viti. Akidi haikutajwa. Kura hazikuhesabiwa. Kifungu cha katiba kimefutwa kwenye Mengineyo, wakuu, pale tunapotangaziana nani kasahau mwavuli!

Mimi nilipofikisha umri niliondoka kwa mujibu wa katiba. Nilikabidhi funguo za ukumbi na kitabu cha risiti mbele ya watu, nikasainiwa. Na aliyenisomea hotuba ya kuniaga, akanipa mkono huku akisema "sheria ni sheria, kaka", ni huyu huyu mwenyekiti. Kanizidi miaka miwili. Nilikaa kimya siku ile kwa sababu keki ilikuwa imeshakatwa, na ukimya huo ndio ninaoulipia leo.

Najua wataniambia nataka uongozi. Umri umenipita, niutake wa nini? Ninachotaka ni hiki: kijitabu kirudishwe kabla hakijagawiwa kwa wanachama wapya, dada mhazini aandikwe kwa jina lake, na suala la umri lipelekwe mkutano mkuu kama ajenda namba moja, watu wakiwa bado wamekaa. Wakipiga kura likapita, nitanyamaza.

Kamati imeshaanza kusambaza kwamba madaftari ya zamani "yalipotea wakati wa kuhama ukumbi". Mawili, labda. La tatu, lile lenye duara la chai, ninalo hapa mezani naandika likiwa wazi. Dada aliniachia mwenyewe siku anaondoka. Mwanachama yeyote anayetaka kuliona aseme, nitalileta na rula yake.