Naomba ushauri: K (kasi ya kukaribia urefu wa mwisho) ya ukuaji wa kamba inarukaruka
Wakuu habari, nimekwama. Nina data ya survei ya kamba, urefu wa gamba la kichwa kwa milimita kila mwezi mwaka mzima, majike peke yao na madume peke yao maana majike wanakua wakubwa zaidi. Umri hausomeki, kamba akijivua gamba alama zote zinaenda nalo, kwa hiyo nategemea histogramu tu. Nimejaribu ELEFAN (mbinu ya kukadiria ukuaji kutoka histogramu za urefu) kwa modeli ya ukuaji ya von Bertalanffy ila nikibadili upana wa madaraja ya urefu kutoka mm 1 kwenda 2, K inaruka vibaya mno, alafu wadogo wanapenya kwenye wavu. Je niifunge Linf (wastani wa urefu wa mwisho kwenye modeli) karibu na kamba mkubwa niliyempima nitafute K peke yake? Na hao wadogo, nisahihishe kwanza uchaguzi wa wavu (yaani wavu kunasa wakubwa zaidi ya wadogo) au niwatoe? K hiyohiyo ndo naingiza kwenye makadirio ya vifo, naogopa kupotosha tathmini nzima.