Tundu la moyo kwa mtoto: kizibo cha katheta au kufungua kifua?

Kinena
Wakuu, wengi huanza kwa kuuliza tundu lina milimita ngapi. Uliza kwanza liko wapi na limezungukwa na nini. ASD, yaani tundu kwenye ukuta wa vyumba vya juu vya moyo, ikiwa ya sekandamu (katikati ya ukuta huo), hufaa katheta (mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa hadi moyoni) ikiwa na ukingo wa kama milimita 5 upande wa vali na upande wa mishipa inayoleta damu. Ukingo wa upande wa aota (mshipa mkuu utokao moyoni) ukiwa haba, kizibo bado huweza kukaa, ila kwa tahadhari. ASD ya praimamu (chini ya ukuta huo) ni ya kisu tu, kwa kuwa iko juu ya vali zenyewe na kizibo hakina pa kushika. PDA (njia kati ya aota na ateri ya mapafu isiyojifunga baada ya kuzaliwa) ndiyo nyepesi zaidi: nyembamba huzibwa kwa koili (waya uliojikunja), pana kwa plagi, mradi isibane aota wala ateri ya pafu la kushoto.

Eko_Kwanza
Nakubaliana, na kwenye ASD makosa mengi huanzia kwenye puto la kupimia. Waya ukishapita tunduni hadi mshipa wa pafu la kushoto, jaza puto taratibu huku ukitazama eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti). Damu ikiacha tu kupita, simama hapohapo. Ukizidisha unalitanua tundu, unachagua kizibo kikubwa mno, na kizibo kikubwa penye ukingo haba wa aota ndicho kinachosugua ukuta wa moyo hadi kuutoboa. Kizibo ni sahani mbili zenye kiuno katikati: sahani ya kushoto hufunguka kwanza, huvutwa hadi ukutani, kisha kiuno, kisha sahani ya kulia. Kabla ya kukiachia, kisukume na kukivuta kwa kebo inayokishikilia: kila sahani ibaki upande wake, na vali ya maitro (kati ya vyumba vya kushoto) isiguswe. Kikiyumba, kirudishe ndani ya mrija uanze upya. Kebo ikishafunguliwa, kizibo kilichochomoka hunaswa kwa kitanzi, au mtoto anapelekwa kwa wapasuaji.

Njia_ya_Umeme
Msisahau VSD (tundu kati ya vyumba vya chini), huko hesabu hubadilika. Iliyo ndani ya misuli huzibika vizuri kwa katheta. Iliyo chini ya vali ya aota inapakana na njia ya umeme ya moyo; kizibo kikiikandamiza, mapigo ya vyumba vya juu hayafiki chini na mtoto huhitaji pesimeka (kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo). Huweza kutokea hata miezi kadhaa baadaye, kwa hiyo ECG (vipimo vya umeme wa moyo) ziendelee. Kichanga mwenye VSD kubwa ya aina hiyo, anayehema akinyonya na haongezeki uzito, mimi namwelekeza kwenye upasuaji bila kusita.

Kinena
Sawa kabisa. Ila shinikizo la mapafu lipimwe kabla ya yote. Mishipa ya mapafu ikishakakamaa na damu ikageuka kutoka kulia kwenda kushoto, kuziba kunamdhuru mtoto, iwe kwa katheta au kwa kisu.

Wodi_ya_Watoto
@Eko_Kwanza, baada ya kizibo cha ASD: aspirini miligramu 3 hadi 5 kwa kilo kila siku kwa miezi 6, na kinga ya antibiotiki kabla ya kung'olewa jino katika muda huohuo. Mzazi aelezwe wazi: mtoto akilalamika kifua kinauma, akizirai au akihema kwa shida, eko ifanyike siku hiyohiyo, kutafuta damu iliyojikusanya kwenye mfuko wa moyo.