Kazi ya hoteli imenikausha kiroho, nyie mlioko Unguja na Pemba mnakaaje karibu na Mungu?

Kijana wa Jikoni
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mimi mtu wa Tukuyu, Mmoraviani toka utotoni, kwa sasa nipo Nungwi jikoni kwenye hoteli moja. Msimu wa wageni ukichanganya Jumapili ndo siku yenye kazi kuliko zote, ofu wanakupa Jumanne au Jumatano, na hata ukibahatika kuipata hiyo Jumapili mpaka ufike kanisani mjini ni zaidi ya kilomita 50 na daladala linasimama kila mahali. Nyumbani nilikuwa wa kwaya, ibada ya asubuhi, maombi ya Ijumaa, sasa hivi naamka alfajiri nakata vitunguu narudi usiku, nikifungua Biblia mistari miwili usingizi umenichukua. Kuchoka naweza kuvumilia, kinachoniuma ni kwamba naona naishi ili nitume hela nyumbani tu, ada ya mdogo wangu, bati za nyumba ya mama, basi. Nikipiga magoti maneno yananiishia mdomoni. Nyie mnafanyaje huku ambako Wakristo tuko wachache? Na mtu anajuaje kama hapa alipo ndipo Mungu anapomtaka?

Dada wa Mkunazini
Asifiwe sana kaka, pole na majukumu. Uliposema Mmoraviani nimefurahi maana dawa ipo kwenu kwenu. Mwaka 1727 kule Herrnhut, Ujerumani, wale Wamoraviani wa zamani walikuwa wengi wao wakimbizi, mafundi, watu wa kazi za mikono kama wewe, wakagawana saa za siku, wanaume 24 na wanawake 24, kila mtu na saa yake moja, akitoka huyu anaingia mwingine, na maombi yale yakaendelea zaidi ya miaka 100. Angalia hapo, hakuna aliyeambiwa aombe kutwa nzima, kila mtu alibeba saa yake tu akajua saa nyingine mwenzake anamuombea. Na mwaka 1728 wakaanza kupelekeana andiko moja la siku nyumba kwa nyumba, hicho ndo kilichokuja kuwa kitabu chenu cha maneno ya kila siku, kinachapwa toka 1731. Andiko moja kaka, si sura tano. Hapo hotelini hukosi Wakristo, wa usafi wa vyumba, wa kufua, walinzi, watafute mgawane hata nusu saa nusu saa kufuatana na shifti zenu, na asubuhi mmoja anawatumia wote mstari wa siku kwenye simu. Usiku ukiwa umechoka usilazimishe kusoma, soma mchana ule muda wa kula.

Mtumishi Mwenge
Ndugu yangu mimi nakwambia wazi, kazi inayokutenga na nyumba ya Mungu haijatoka kwa Mungu. Waebrania 10:25 imekataza kuacha kukusanyika. Acha hiyo kazi urudi bara, atakufungulia mlango mwingine.

Mama wa Weti
Hapana baba, hapo mie sikubaliani nawe hata kidogo. Waebrania imesema tusiache kukusanyika, haikusema lazima iwe Jumapili wala lazima muwe mia, na Bwana mwenyewe kasema wawili watatu (Mathayo 18:20). Mie mzaliwa wa Pemba, siye huku Wakristo ni wachache hasa, kuna Jumapili nnahesabu vichwa kanisani na vidole vyangu vinabaki, na Mungu yupo! Danieli alikuwa Babeli, ana kazi ya serikali ya mfalme ambaye hata hamjui Mungu wake, hakuacha kazi, kafungua madirisha kapiga magoti mara tatu kwa siku na kazi yake wakaitafutia kosa wakakosa, soma sura ya 6 yote.

Nawe mwanangu wa jikoni, ada ya mdogo wako na bati za mamako ndo unaziita "basi"? Hebu soma 1 Timotheo 5:8 uone Paulo anamwitaje asiyewatunza wa kwao. Hilo ni kusudi tayari, tena zito. Na Yeremia 29:7 watu walikuwa mbali na kwao wakaambiwa wauombee amani mji ule walimo, kwa hiyo iombee Nungwi, muombee shefu wako, waombee wenzio wenye dini yao uliyowakuta. Siye huku Pemba Marafiki, wale Wakristo wa dhehebu la Wakweka, walikuja mwaka 1897, mwaka ule ule sheria ilipoacha kuutambua utumwa, wakachukua shamba Banani kule Chake, watu waliotoka utumwani wakafanya kazi kwa ujira. Kwa hao kazi ya shamba na ibada vilikwenda pamoja.

Kuhusu maneno kukuishia, Warumi 8:26, Roho anaomba pale usipojua la kusema. Na Eliya alipochoka mpaka akaomba kufa, malaika hakumhubiria, kampa mkate na maji, akalala tena (1 Wafalme 19). Siku ya ofu lala kwanza mwanangu, ndo uombe.

Wa Minara Miwili
Tumsifu Yesu Kristo. Mimi Mkatoliki, sisi Misa ya Jumamosi jioni inahesabika ya Dominika, imetuokoa wengi wenye shifti. Na kuna sala ya Malaika wa Bwana, asubuhi, saa sita mchana na saa kumi na mbili jioni, haimalizi dakika tano, unaisema umesimama hapo hapo kwenye jiko. Hata kama si yako chukua hizo saa tatu, ziwekee alamu, sema Baba Yetu. Ukiwa na saa maalumu hungoji mpaka ujisikie kuomba.

Mtu wa Mkokotoni
Samahani mie Muislamu nimepita tu. Nami nafanya hoteli. Siye shefu tunamuomba dakika kumi za sala na wengi wao wanatupa, nawe muombe zako, usione haya, mtu mwenye sala anaheshimiwa huku kwetu.

Kijana wa Jikoni
Nimesoma yote nimeguswa sana, Mama wa Weti shikamoo na asante. Mtumishi nimekusikia ila kazi siachi. Nimeshaongea na dada mmoja wa kufulia na mlinzi wa usiku, Msabato, yeye kachukua saa tisa usiku maana yuko macho, mimi nimechukua saa kumi kabla sijaingia jikoni. Dada wa Mkunazini, hicho kitabu cha maneno ya kila siku cha mwaka huu hapo mjini naweza kukipata au niagize Mbeya? Na kama kuna mwingine yuko Kendwa au Matemwe mwenye ofu Jumanne aseme, tukutane tusali.