Mnaotuoshea magari msimu huu wa mvua na baridi, mnaosha au mnaharibu?

Wakuu, nina hasira tangu juzi, nimeona nisipoandika nitapasuka.

Mvua imenyesha wiki nzima, gari limejaa tope hadi vioo vya pembeni. Nikalipeleka kuoshwa. Nikamwambia kijana kabisa: injini usiguse, na tope usilifute kabla halijalowa. Akaitikia "sawa bosi". Nikasogea pembeni kupokea simu. Narudi namkuta na kitambaa kile kile alichosugulia rimu, anakichovya kwenye ndoo ambayo maji yake yamekuwa rangi ya chai ya maziwa, kisha huyo, anapanda nacho kwenye boneti. Mchanga nilikuwa nausikia unavyokwaruza! Usiku nikamulika tochi ya simu: boneti nzima ina mikwaruzo ya duara duara kama utando wa buibui. Ile haitoki kwa sabuni, pale rangi imeshaliwa.

Jamani, tope likikauka ni msasa. Linaloweshwa kwanza, linaachwa lilainike, linasukumwa na maji kutoka juu kwenda chini, ndipo kitambaa kiguse. Ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa. Cha matairi kinakaa peke yake. Kitambaa kikidondoka chini, hakirudi kwenye rangi mpaka kisuuzwe. Hapo kuna ugumu gani?

Kumbe hilo ndilo lilikuwa dogo. Injini niliyomkataza, alishaipiga maji ya presha. Nawasha gari linatetemeka, linamisi (injini inakatakata), taa ya injini imewaka. Fundi alipochomoa koili, zile zinazopeleka umeme kwenye plagi, akakuta maji yametuama kwenye visima vya plagi, yaani mashimo zinamokaa. Nikamrudia yule kijana, ananijibu: "Litakauka tu ukitembea."

Hiyo kauli ndiyo iliyonileta hapa. Litakauka kwa jua gani? Kwenye joto gari hujikausha lenyewe hata mwoshaji akiwa mvivu, hujui hata kama alikukosea. Kwenye baridi na unyevu, maji unayoyaacha leo unayakuta kesho kutwa pale pale, kwenye raba za milango, ndani ya milango, chini ya kapeti. Msimu huu kukausha ndiyo nusu ya kazi, na ndiyo nusu mnayoiruka. Mnapuliza maji ndani "tusafishe kapeti", mnafuta dashibodi ing'ae, mnapokea hela. Siku ya tatu vioo vyangu vinaweka ukungu kwa ndani mpaka nasimama njiani kufuta. Nimebonyeza kapeti la dereva kwa kiganja, maji yakapanda katikati ya vidole. Harufu yake sisemi.

Na hendibreki! Baada ya kuosha akaivuta mpaka mwisho, na mimi kwa kutojua nikaliacha gari hivyo hivyo siku mbili kwenye mvua. Asubuhi magurudumu ya nyuma hayazunguki, breki zimeshikana kwa kutu. Gari likitoka kuoshwa, tembea nalo polepole huku ukikanyaga breki kidogo kidogo zipate joto zikauke. Kama litalala muda mrefu, liegeshe tambarare, weka gia (au P kama ni otomatiki), kabari kwenye tairi, hendibreki iache. Hili nimeambiwa na fundi baada ya kumlipa.

Mnaoishi kwenye baridi ya kuganda, kwenu ni hatari zaidi. Msioshe jioni, nyuzijoto zikishuka chini ya 0 usiku, raba za milango zinagandana na bodi, ukivuta mlango kwa nguvu unazichana. Osheni mchana, futeni raba na vitasa, pakeni silikoni kwenye raba. Ila msiache kuosha kwa sababu ya baridi, hasa chini ya gari, maana chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu inakula chuma. Na anayemwaga maji ya moto kwenye kioo cha mbele chenye barafu namwomba aache leo hii. Upande wa nje unatanuka ghafla, wa ndani bado umejikunyata, kioo kinapasuka. Kikiwa na kialama cha kugongwa na jiwe ndiyo kabisa.

Kuna na wale wa "mvua itaosha yenyewe". Mvua haitoi tope kwenye matao ya matairi, inalilowesha tu, na tope bichi likikaa pale kutu inaanza. Majani nayo yanaziba njia za maji chini ya waipa, maji yanatafuta njia ya kuingia ndani. Toeni majani kwa mkono, dakika mbili zinatosha.

Mimi kuanzia sasa naosha mwenyewe, hata kama vidole vitakufa ganzi. Rangi nitatafuta wa kuipolishi. Kapeti ndilo limenishinda: nimeweka magazeti, nimewasha hita na AC pamoja, sifongo la chini bado limelowa. Kuna aliyewahi kulikausha bila kung'oa viti? Anieleze alifanyaje, kabla ukungu haujaota.