Kwa nini OSIRIS-REx haikutua kabisa juu ya Bennu?

Kilimia_Tanga
Habari zenu wakuu. Kila nikipata bando narudia ile video ya Oktoba 20, 2020, mkono wa OSIRIS-REx, chombo cha NASA kilichotumwa kuchota sampuli za mawe, unapoigusa Bennu, ile asteroidi (jiwe kubwa linalozunguka Jua). Kile kisahani cha ncha ya mkono kinashuka polepole, mawe yanasagika chini yake, gesi inafoka, changarawe zinatapakaa picha nzima. Sekunde chache tu, chombo hicho kimeondoka! Miaka minne njiani kwa ajili ya mguso ule. Kwa nini kisitue, kitulie, kichimbe kwa nafasi? Wajapani nao kule Ryugu, asteroidi nyingine, 2019, waligusa na kuondoka. Mwanangu kaniuliza, nikakosa jibu.

FundiRedio
Mkuu, kuchimba kunataka uzito wa kukukandamiza chini, na Bennu haina wa kukupa. Upana wake ni kama mita 490 tu. Mtu wa kilo 80 akisimama pale, mizani haifiki hata gramu moja. Ukisukuma kifaa cha kuchimba chini, wewe unapaa. Kumbuka Philae, chombo cha Ulaya cha kutua, Novemba 2014 kwenye nyotamkia 67P: mikuki ya kujishikiza haikufyatuka, ikadunda mpaka kivulini, betri ikaisha kwa kukosa jua.

BintiLamu
Halafu pale hapana ardhi ya kukanyaga. Bennu ni rundo la mawe yaliyoshikana kwa shida sana. Mkono ulizama kama nusu mita, na injini zisingewashwa kurudi nyuma ungeendelea kuzama. Mawe yakabana kifuniko cha kile kisahani kikabaki wazi, sampuli zikawa zinavuja angani, ikabidi zifungiwe haraka bila kupimwa. Lengo lilikuwa gramu 60. Septemba 2023 zikashuka Utah, na hesabu ya mwisho ikawa gramu 121.6. Na yote hayo chombo kilijiongoza chenyewe, maana ishara ya redio ilichukua zaidi ya dakika 18 kufika huku.

Kilimia_Tanga
Aisee, asanteni sana. Hilo la kuzama ndilo sikulijua, na ndilo nitakaloanza nalo kwa mtoto. Sasa chombo chenyewe kiko wapi?

FundiRedio
Kiliangusha kapsuli ya sampuli tu, chenyewe hakikutua Duniani. Sasa kinaitwa OSIRIS-APEX, kinaifuata asteroidi nyingine, Apophis. Hiyo utaiona kwa macho, mkuu, bila darubini! Ijumaa Aprili 13, 2029 itapita kama kilomita 32,000 kutoka Dunia, karibu kuliko setilaiti nyingi za televisheni. Kwa saa zetu itakuwa karibu kabisa saa sita na dakika 46 usiku wa kuamkia Jumamosi. Mtafutie mtoto sehemu isiyo na taa.